Bustani Iliyoshikwa na Sangari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na makarani)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya zile bustani za mboga za bondeni, ambazo watu wa ofisi na wa shule hupewa na wazee wa mahali, na ambazo nyingi zimegeuka pori. Jambo hili si dogo. Mzee atoapo kipande cha ardhi chenye maji karibu, amekusudia mgeni wake apate kula yeye na watoto wake. Akipita mwaka wa pili na kuona majani yamefika kiunoni, ana haki ya kuuliza, Je, shamba hili mnalitaka au hamlitaki? Na jirani naye ana neno la kuongeza, maana sangari haijui mpaka. Hutambaa chini kwa chini ikaingia katika matuta ya mwenziwe, naye akapata taabu ya kung'oa asichokipanda.

Wala tusiite yote haya uvivu. Mwalimu huingia darasani asubuhi asitoke mpaka jua limepinda, na jioni ana madaftari ya kusahihisha. Karani vivyo hivyo, na mwisho wa mwezi hesabu humfuata mpaka nyumbani. Basi siku ya Jumamosi mtu hushika jembe kwa ghadhabu, akalima bustani nzima mpaka viganja vikafanya malengelenge. Jumapili ni ibada, Jumatatu ni kazi. Yakipita majuma matatu na mvua moja nzuri, bustani imerudi ilivyokuwa, na pengine imezidi.

Sababu ya kuzidi ni hii. Kile tunachokiita mzizi wa sangari ni shina litambaalo ardhini, na jembe likilikata vipande kumi, kila kipande chenye kifundo chaweza kuchipua. Ndago nayo ina viazi vidogo vilivyofungamana kama shanga katika uzi. Ukiukata uzi, kila ushanga huota peke yake. Kwa hiyo alimaye kwa haraka huyapanda magugu badala ya kuyaondoa. Kifaacho ni jembe la meno. Chimbua taratibu, inua udongo, zivute nyuzi zote kwa mkono, kisha uzianike juu ya jiwe mpaka zikauke kabisa. Kazi hiyo haiendi kwa mbio, na ndiyo maana bustani nzima haiwezi kufufuliwa kwa siku moja.

Shauri letu ni kushika tuta moja tu, lile lililo karibu na maji, upana wake futi 4 na urefu futi 12. Tunasema futi 4 kwa kuwa mkono wa mtu mzima hufika katikati kutoka kila upande, asiukanyage udongo aliokwisha kuulegeza. Sehemu iliyobaki ifyekwe tu kabla majani hayajatoa mbegu, wala yasichomwe moto. Majani yaliyofyekwa yakikauka, yatandazwe juu ya tuta. Huzuia jua lisinyonye maji, na mtu hupunguziwa safari za ndoo. Nusu saa alfajiri, kabla ya kuoga kwenda kazini, yatosha kwa tuta moja. Likisha kusafika, ndipo ushike la pili.

Wako watakaosema kwamba bustani ni kazi ya mke. Mke ana kuni, maji, jiko na watoto. Siku yake ni ndefu kuliko ya ofisi yo yote.

Kwa habari ya mbolea, twapenda kuwataja watu wa kisiwa cha Ukara, katika ziwa Viktoria. Ardhi yao ni haba na watu ni wengi, na habari za ukulima wao zilikwisha kuandikwa mwaka 1936. Hao walizoea kufuga ng'ombe ndani, wakawakatia majani, wakakusanya samadi yote na kuipeleka shambani. Tena walipanda marejea katikati ya uwele, kisha wakayafukia yawe mbolea. Ikiwa shamba zima laweza kutunzwa hivyo, tuta la futi 12 halina udhuru. Ila samadi iwe ya zamani, iliyooza. Ile mbichi huunguza miche.

Tupande nini? Watu wa ofisi hupenda kuanza na kabeji, nadhani kwa sababu ya sura yake. Kabeji hukaa kama miezi mitatu, na wadudu huipenda kuliko sisi. Anza na mchicha, ambao huchumwa baada ya majuma matatu au manne, na matembele, ambayo hayataki mbegu bali vipande vya mashina tu. Mboga hizi za majani zina kile kinachogeuka vitamini A mwilini. Mtoto aikosaye sana huweza kupata upofu wa usiku. Kwa hiyo fungu la mboga linaloachwa sokoni kwa kukosa fedha mwisho wa mwezi hupunguza afya ya mtoto. Baadaye zije nyanya na biringanya, lakini zisifuatane katika tuta moja, maana ni za jamaa moja na maradhi yao ni mamoja.

Mashina mawili ya mchicha yaliyo mazuri kuliko yote yasichumwe, yaachwe yakomae. Masuke yakikauka, yapukuchwe, na mbegu zitiwe katika chupa kavu yenye kifuniko. Vipande vya matembele viko tayari kwetu. Atakaye na aje siku yo yote saa 12 asubuhi na kikapu chake, maana saa 1 u nusu sisi tumekwisha kwenda kazini.