Kujiuliza Kabla ya Kuulizwa: Namna ya Kusoma kwa Mwanachuo Anayeanza

Ndugu wanasemina, wazazi mliofuatana na vijana wenu hapa Madale, na ninyi mnaosubiri vyuo vifunguliwe: hoja yangu leo ni moja. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza anayepata sapu, yaani mtihani wa marudio, na hata yule anayedisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, mara nyingi hakuwa mvivu. Alikesha, alikuwa na madesa (maandishi ya kozi) yote, na kila ukurasa aliupiga mistari ya rangi. Kilichomwangusha ni kwamba muda wake wote aliutumia kuingiza mambo kichwani, asitenge hata saa moja ya kujaribu kuyatoa. Mtihani unadai kutoa. Nitaonyesha kwamba kujiuliza maswali daftari likiwa limefungwa, tena kwa siku zilizoachana, ndiko kusoma kwenyewe, na kwamba mtu asiyefanya hivyo anaweza kujichosha muhula mzima na bado akaingia chumba cha mtihani mikono mitupu.

Ushahidi mmojawapo mzito umejengwa juu ya maneno ya lugha yetu. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, ambao waliwapa wanachuo wa Marekani jozi 40 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza, neno “mashua” likiwa mojawapo. Wanafunzi hao walikuwa wageni kabisa wa Kiswahili, hivyo wote walianza sifuri. Walijifunza mpaka kila neno likatoka sawasawa angalau mara moja, na kuanzia hapo njia zao zikatofautiana. Baadhi waliendelea kuulizwa maneno yote, hata yale waliyokwisha kuyapata. Wengine, neno likishatoka mara moja, hawakuulizwa tena, ingawa miongoni mwao wapo walioendelea kulisoma kila raundi. Wiki moja baadaye, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80. Walioacha kuulizwa walibaki na theluthi moja hivi, na kule kusoma kwa kurudiarudia hakukuwasaidia kitu cha maana. Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni jambo jingine katika utafiti huohuo. Walipotakiwa kukisia watakumbuka mangapi, makundi yote yalitaja karibu nusu. Aliyekuwa njiani kukumbuka sehemu kubwa na aliyekuwa njiani kusahau theluthi mbili walijiona wako sawa. Desa likisomwa mara ya nne linateleza machoni, na msomaji anadhani mtelezo huo ni ujuzi. Hapo ndipo juhudi ya kweli inapopotea bila mwenyewe kujua.

Watafiti hao wawili walikuwa wametangulia, mwaka 2006, kufanya jaribio la aina hiyo kwa vifungu vya habari badala ya maneno. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliwashinda waliojaribu kukumbuka. Baada ya wiki moja matokeo yaligeuka. Nadhani matokeo haya yanaeleza kwa nini mkesha una mashabiki wengi hivyo: kwa mtihani wa kesho asubuhi unaweza kukuvusha, nawe ukaondoka na imani kwamba umeipata njia. Gharama yake inakuja mwisho wa muhula, pale mtihani wenye alama 60 kati ya 100, kama ilivyo katika vyuo vingi vyetu, unapodai yale yaliyofundishwa wiki ya pili.

Mtu atasema: maneno ni maneno, chuoni tunatakiwa kuelewa. Sheria ya mikataba au mekanika haijibiwi kwa kukumbuka jozi. Pingamizi hili ni la haki, na lilijaribiwa. Mwaka 2011 Karpicke na Janell Blunt waliwapa wanafunzi matini ya sayansi. Wengine walichora michoro inayounganisha dhana huku matini iko mbele yao, wengine walifunga wakaandika walichokumbuka, kisha wakarudi kusoma na kuandika tena. Juma moja baadaye kundi la pili liliongoza, hata katika maswali ya kuhitimisha mambo ambayo matini haikuyasema waziwazi. Kwa hiyo tusichanganye kujiuliza na kukariri. Anayekariri anashika sentensi ya mwalimu ilivyo. Anayejiuliza analazimika kuijenga hoja upya kwa maneno yake, na akikwama anajua hasa amekwamia wapi. Hata hivyo nisingependa tudharau kumbukumbu. Mwanafunzi wa udaktari pale Muhimbili asiyekumbuka dozi hana cha kuelewa kuhusu dozi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwa vijana walioko hapa: njia hii ya kusoma desa ndiyo iliyotupa divisheni one kidato cha sita, iweje leo iwe mbaya? Jibu langu ni kwamba haikuwa peke yake. Sekondari ilikuuliza. Palikuwa na mazoezi ya darasani, majaribio ya katikati ya muhula, mitihani ya muhula, mock ya mkoa, na mwalimu aliyekusimamisha mbele ya wenzako utaje kanuni. Ulidhani umefaulu kwa kusoma, kumbe shule ilikuwa ikikutoa maarifa kichwani mara kadhaa kwa wiki bila wewe kupanga. Chuoni msaada huo unaondolewa. Kwa taratibu za vyuo vikuu vyetu, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima hubeba krediti 120, yaani saa 1,200. Mihadhara na semina hula sehemu tu ya saa hizo. Zilizobaki zimeachwa mikononi mwako, na hakuna anayepita kuuliza umezitumiaje. Katika kozi nyingi utajaribiwa mara mbili tu kabla ya mtihani wa mwisho. Kazi ya kuuliza, iliyofanywa na walimu kwa miaka 13, inahamia kwako katika wiki moja ya kupokelewa chuoni, na sijui kama kuna anayekwambia hivyo waziwazi.

Lugha nayo haiwezi kuepukwa. Wengi wenu mlisoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Tume ya elimu iliyojulikana kama Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari na vyuo. Pendekezo halikutekelezwa, na ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ikaonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu hakikutosha kubeba masomo. Mjadala huo tuuendeleze mahali pake, lakini mwanafunzi anayeanza mwaka huu hawezi kuusubiri uishe. Ushauri wangu ni kujiuliza kwa raundi mbili. Kwanza, daftari limefungwa, eleza hoja kwa Kiswahili kama unayemweleza mdogo wako. Pili, iandike kwa Kiingereza kwa sentensi zako mwenyewe. Wapo wanaosema raundi ya kwanza ni kupoteza muda kwa kuwa msahihishaji hasomi Kiswahili. Mimi naona kinyume: sentensi ya Kiingereza iliyoshikwa bila maana huporomoka swali linapogeuzwa kidogo tu. Wanaosema raundi ya pili haina haja nao wanakosea, kwani maana isiyoandikika haipewi alama.

Sasa tuangalie mazingira ya hapa. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, zilizofunguliwa Aprili 2017, zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na bado wengi wanapanga mitaani au wanakaa nyumbani. Anayekaa Madale na kusoma DUCE Chang'ombe, IFM mjini au Ustawi wa Jamii Kijitonyama anashuka Tegeta, anaingia Barabara ya Bagamoyo na kukutana na foleni ya Mwenge. Anayekwenda Ardhi kupitia Goba na Makongo naye ana safari yake. Ndani ya daladala, umesimama umebanwa, desa halifunguki. Swali linafunguka. Mhadhara wa jana ulikuwa na hoja zipi kuu? Kwa nini ya pili inategemea ya kwanza? Mfano gani ulitolewa? Ukifika, dakika chache za kukagua daftari zinatosha kuona ulichokosa. Tena safari hii inajirudia kila siku, na kuachanisha vipindi ndiko kunakokazia kumbukumbu. Hermann Ebbinghaus aliliona hilo mwaka 1885, na majaribio mamia yaliyofanywa baadaye yamelithibitisha. Swali la Jumatatu liulize tena Alhamisi, kisha wiki ijayo.

Nitaambiwa kwamba namwongezea kazi mtu aliyechoka, ambaye bumu lake (fedha ya mkopo) limechelewa na ameondoka bila chai. Ni kweli amechoka, na hakuna mbinu ya kusoma inayochukua nafasi ya kitanda, chakula na usafiri. Wenye dhamana ya hosteli na mikopo wasije wakajificha nyuma ya mada kama hii. Ninachosema ni kwamba kujiuliza hakudai umeme, meza wala bando, na kwa sababu hiyo ni njia ambayo aliye mbali na chuo anaweza kuimiliki sawa na aliye hosteli.

Nimalizie na diskasheni, kwa sababu ndiyo desturi yetu iliyo karibu zaidi na ninachokitetea, na ndiyo tunayoiharibu zaidi. Kwenye vimbweta, yaani viti vya nje vya chuoni, utakuta watu sita, mmoja hodari anaeleza, watano wanatikisa kichwa na kuandika. Anayenufaika sana ni yule anayeeleza. Igeuzeni: kila mmoja aje na maswali mawili aliyoyatunga, aliye dhaifu aanze kujibu, hodari azungumze mwisho kurekebisha. Paspepa nazo, yaani mitihani ya miaka iliyopita, zijibiwe kwanza kwa karatasi tupu, ndipo majibu yatafutwe. Na ninyi wazazi, msiseme hamuwezi kusaidia kwa kuwa hamkusoma uhasibu wala uhandisi. Jumapili jioni mwambie mwanao akueleze walichofundishwa wiki hiyo, bila kushika daftari wala simu. Mama anayeuza dukani na hajui mizania ni nini atasikia kijana anapoanza kuzungukazunguka, naye kijana atajua kwamba ukurasa huo ndio wa kurudia usiku huo.