Stima ni Mali ya Nani?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya maendeleo)



Vikundi vingi vinauliza: mbona stima ni ghali? Wengine wanasema serikali izalishe yote. Wengine wanasema serikali imeshindwa, watu binafsi wapewe. Tusikimbilie kujibu. Tuangalie kwanza.

KenGen ndiyo inayozalisha umeme mwingi zaidi nchini, kwa mabwawa ya Mto Tana na mvuke wa Olkaria. Tangu 2006 serikali ina asilimia 70 ya hisa zake. Kampuni za binafsi zilianza kuingia 1997, kwa sababu umeme ulikuwa hautoshi. Ukame wa 1999 na 2000 ulipopunguza maji mabwawani, tulipata stima kwa zamu. Kwa hivyo tusiseme hatukuzihitaji.

Lakini bei je? Mwaka wa 2021 kamati iliyoteuliwa na Rais ilieleza kwamba kampuni za binafsi zilitoa kama robo tu ya umeme, lakini zikalipwa karibu nusu ya pesa zote za kuununua. Sababu moja ni mikataba. Mtambo unalipwa kwa kuwa tayari tu, hata usipowashwa. Ni kama kukodi matatu ya harusi: hata ikilala uwanjani, mwenyewe anataka pesa zake.

Serikali nayo ina makosa yake. Kule Loiyangalani, mitambo 365 ya upepo, mali ya binafsi, ilikuwa tayari 2017. Laini ya kuleta umeme hadi Suswa, kazi ya serikali, ilikamilika 2018. Upepo ulivuma bure, na fidia ikabidi ilipwe.

Mnaona basi? Mwenye mtambo awe serikali au tajiri, mlipaji ni yule yule: mama wa saluni anayenunua tokeni ya shilingi mia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu hapa ni mkataba. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi tuulize kabla sahihi haijawekwa, si baada ya bili kufika.

Maswali ya kujadiliana vikundini:

1. Katika risiti yetu ya tokeni, ni makato gani hatuyaelewi?
2. Tungetaka kujua nini kabla mkataba wa umeme haujatiwa sahihi?
3. Nani atampelekea mbunge wetu maswali haya, na lini?