Sanduku la Bahati Katika Michezo ya Intaneti: Biashara au Kamari?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, mwanafunzi wetu mmoja wa madrasa alinijia akilia. Alichukua simu ya baba yake, akatoa shilingi 40,000 na kununulia masanduku katika mchezo wa mpira wa intaneti. Ndani ya kila sanduku mna wachezaji, lakini mnunuzi hawajui mpaka alipe. Aliyemtaka hakumpata. Akaniuliza: "Ustadhi, nimeiba au nimecheza kamari?"

Kuhusu fedha, mali ya mzazi haichukuliwi bila ya idhini yake. Toba ni kukiri, kuomba radhi na kurudisha.

Kuhusu kununua, tusiharamishe kila kitu. Anayenunua jezi ya mchezoni, akaiona na kuijua bei yake, amenunua manfaa inayojulikana, na jumhuri ya maulamaa huihesabu manfaa kuwa ni mali. Maadamu mchezo wenyewe hauna haramu, wala hakuna israfu wala kupoteza swala, asili ya jambo hilo ni uhalali.

Ama sanduku ni jambo jingine. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza uuzaji wa kijiwe na uuzaji wa gharari. Miongoni mwa tafsiri za maulamaa ni kuwa mnunuzi alitupa kijiwe, na nguo iliyoangukiwa ikawa yake kwa bei waliyokwisha kukubaliana. Leo kijiwe hicho ni kidole juu ya kioo cha simu. Amelipa kwa yakini, akipokea kwa bahati: ima afaidi, ima ale hasara. Hiyo ndiyo maysiri iliyoharamishwa katika Suratul-Maida, aya ya 90. Na aya ya 91 inabainisha kuwa huleta uadui na kumzuia mja na swala.

Hata Ubelgiji, isiyohukumu kwa sharia yetu, tume yake ya michezo ya kubahatisha iliamua mwaka 2018 kuwa masanduku ya kulipia ni kamari. Sisi tuna udhuru gani?

Enyi wazazi, ilindeni namba ya siri, na muulizeni mtoto anachokinunua kabla hamjamkemea. Yule kijana nilimsindikiza kwa baba yake. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Simu nilimpa mimi, na sikuwahi kuuliza." Akamsamehe.

Allah atuhifadhie vizazi vyetu. Wabillahi tawfiq.