MWAKA WA KORONA HAPA KWETU LOKITAUNG
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme machache juu ya mwaka 2020. Wamo humu vijana walioingia kazini baada ya mwaka ule, nao husikia habari zake kama hadithi za babu. Sisi tuliokuwa kazini twaona yafaa waambiwe kabla hawajatia sahihi karatasi yo yote ya tajiri.

Mji wetu huu wajua sana kufungiwa. Makhan Singh, katibu wa muungano wa kwanza wa vyama vya wafanya kazi wa Afrika ya Mashariki, alikamatwa Mei 1950 akaletwa hapa. Fred Kubai, aliyekuwa rais wa muungano huo huo, alifuata mwaka 1953 pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao, baada ya hukumu ya Kapenguria. Wakoloni waliwaleta Lokitaung kwa kuwa ni mbali. Basi korona ilipotangazwa Nairobi, tarehe 13 Machi 2020, wako watu waliosema umbali ule sasa utakuwa ngao yetu. Kumbe kabla ugonjwa haujafika, bei zilikwisha fika.

Magari ya abiria yaliamriwa kuchukua watu sita tu mahali pa kumi, na mwenye gari hakukubali kula hasara, kwa hiyo nauli ya kwenda Lodwar ikapanda. Kilichopanda gari kikapanda bei pia: unga, sukari, sabuni. Na sabuni ndiyo tuliyoambiwa tuinunue! Redio ilituhimiza kunawa mikono kila saa kwa maji yanayotiririka, na wake zetu walikuwa wakichimba mchanga wa laga wapate debe moja. Hatusemi shauri lile lilikuwa baya. Twasema aliyelitoa hakupita huku.

Tena korona haikuja peke yake. Nzige walikuwa wameingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, na ilipofika Juni 2020 Turkana ndiyo ilikuwa mahali pao pa kuzaliana. Ziwa nalo lilijaa mwaka ule likawafukuza wavuvi katika nyumba zao. Mfanya kazi wa hapa, hata akiwa na mshahara, ana mbuzi wake kwa ndugu zake, na hao mbuzi ndio benki yake. Malisho yakiliwa na nzige, na masoko ya mifugo yakifungwa, benki imefungwa.

Sasa tuseme juu ya kazi. Amri ya kutotembea usiku ilianza tarehe 27 Machi, toka saa moja ya jioni mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Mlinzi wa usiku huanza kazi saa ngapi? Walinzi walihesabiwa katika kazi za lazima, lakini askari njiani hasomi moyo wa mtu, husoma barua. Wenye barua ya tajiri walipita. Wasio nayo walitoka nyumbani saa tisa jua likiwaka, wakakaa mlangoni pa kazi bila malipo ya saa hizo. Chama kilipopeleka ujumbe kwa tajiri mmoja, ambaye hatutamtaja, alishangaa kwamba barua ni kitu cha kuombwa. Aliandika siku ile ile. Karatasi moja na muhuri! Wiki tatu watu walikuwa wameteseka kwa kukosa karatasi moja.

Wapishi na walinzi wa shule walikuwa na shida kubwa zaidi. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Madarasa machache yakarudi Oktoba, na wanafunzi wote mwezi Januari 2021. Walimu wa serikali walilipwa miezi yote hiyo. Lakini mwalimu aliyeandikwa na halmashauri ya shule, na mpishi wake, waliambiwa: nendeni, tutawaita. Neno hili “tutawaita” lisikilizeni vizuri, vijana. Si likizo, maana likizo ina malipo. Wala si kufukuzwa, maana kumpunguza mtu kazini kuna sheria yake: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yataka taarifa ya mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. “Tutawaita” ni njia ya kukwepa yote mawili. Wale waliokuwa na mkataba wa maandishi tuliweza kuwadai. Wale wa mdomo tulibaki kuwachangia unga.

Juu ya uchangaji huo tuseme kweli: mfuko wa tawi wa shilingi hamsini kwa mwezi, ambao wengi waliuona mzigo, ndio uliofika kwanza. Haukutosha. Lakini ulifika.

Jambo jingine ni hati ya mshahara. Toka Aprili 2020 serikali iliondoa kodi ya mapato kwa mwenye kupata shilingi 24,000 au chini kwa mwezi. Wako wenzetu walioendelea kukatwa kama kawaida mpaka mwanachama mmoja, karani, akaketi na hati zake akapiga hesabu. Fedha zikarudishwa. Wangapi kati yetu husoma hati ile zaidi ya mstari wa mwisho?

Na tuwakumbuke waliotiliwa shaka. Dereva wa lori, mtu aliyetuletea chakula, alikuwa akikimbiwa kama mwenye ukoma. Pale Malaba na Busia madereva walilala siku nyingi katika foleni wakingoja kupimwa. Mwisho wa Aprili kambi ya Kakuma ilizuiliwa watu kuingia na kutoka, na mara wakimbizi wakaanza kusemwa kama kwamba wao ndio walioumba ugonjwa. Sisi tuliozoea kushikana mikono na kuambiana “ejoka” tulijifunza kusalimiana kwa mbali, na hilo halikutudhuru. Lililotudhuru ni kunyosheana vidole.

Mwaka ule ulikwisha kwa mgomo. Dr. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyehudumia wagonjwa wa korona, alikufa mwezi wa Desemba. Wauguzi waligoma tangu tarehe 7, na madaktari wakafuata tarehe 21, wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya matibabu. Watu waliwalaumu. Sisi twauliza: mfagiaji wa wodi, ambaye hana hata chama, nani alimdai glavu zake?

Kwa hiyo tawi limeanza kazi hii. Kila mwanachama alete nakala ya mkataba wake kwa Katibu. Sheria yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na maandishi. Asiye nayo aje aseme tangu lini anafanya kazi na kwa nani, nasi tutamwandikia tajiri wake. Vibarua na wafagiaji pia waje. Na mtu akiugua, akisha tumika miezi miwili mfululizo, ana haki ya siku saba za malipo kamili na saba za nusu kwa mwaka, akionyesha cheti cha daktari. Vyeti hivyo msivitupe. Katibu atakuwa hapa chini ya mti kila Jumamosi baada ya saa nane.