Gia imeingia, magurudumu ya mbele yamelala

Msikilizaji wa Kitomanga, masika yanapoloweka njia za mashambani, Land Cruiser ya zamani inaweza kukwama ukiwa umeshavuta gia ya magurudumu manne. Kabla ya kumlaumu fundi, shuka utazame habu za mbele. Zile za kuzungusha kwa mkono lazima zote mbili zisome LOCK. Moja ikibaki FREE, mbele hakuvuti, hata taa ya dashibodi ikiwaka. Taa yenyewe isikuhadae. Isipowaka, huenda balbu imeungua tu kama balbu yoyote.

Ukifika penye sakafu tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, zima injini, acha gia ya magurudumu manne ndani, kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Likigoma, upande huo uko salama. Likizunguka, mwenzako aangalie propela ya mbele, akiwa pembeni, si chini ya gari. Propela ikizunguka nalo, gia haikushika kwenye transifa. Ikitulia, shaka ni habu au ekseli. Rudia upande wa pili.

Gari linalotumia vakyumu kuingiza gia ya magurudumu manne lina mipira myembamba ya hewa; ikague kwanza. Joto huipasua, nayo ni ya bei nafuu kuliko transifa.

Na ukirudi kwenye lami ya Lindi na Nangurukuru, toa gia hiyo. Lami kavu huibana mpaka ikatae kutoka. Ikishagoma, rudi nyuma mita chache taratibu, ujaribu tena.