Faini Si Fidia

Msikilizaji, majuzi niliketi benchi la nyuma katika mahakama moja ya wilaya. Dereva wa daladala alisomewa shitaka la kuendesha gari kwa uzembe na kusababisha majeraha. Akaulizwa kama ni kweli. Akajibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Mwendesha mashtaka akasoma maelezo: eneo la makazi, kibao cha 50, mwanafunzi yuko katikati ya kivuko cha waenda kwa miguu, gari linakuja kwa mwendo mkali. Hakimu akatoa adhabu, faini au jela. Faini ikalipwa kabla ya saa sita mchana, na dereva akaondoka.

Mama wa yule mwanafunzi alikuwa ameketi mbele yangu, amejifunga kanga, mapajani ana bahasha kubwa ya kaki, ile wanayokupa hospitali na picha za eksirei. Tulipotoka nje akaniuliza, "Baba, hela yetu tunachukulia dirisha gani?"

Alidhani faini ile ni ya mwanawe. Nikamweleza kwamba faini huenda serikalini na mwanawe hana senti humo. Akainamia bahasha yake, kisha akasema, "Basi, tumemwachia Mungu."

Neno hilo nimelisikia Morogoro, nimelisikia Kibaha, nimelisikia kwenye misiba ya watu niliowafahamu. Imani ya mama yule naiheshimu. Lakini sheria ya Tanzania haikumwambia aishie pale. Sheria inamwambia kwamba kesi yake yeye ilikuwa haijaanza.

Ajali moja huzaa kesi mbili. Ya kwanza ni ya jinai: Jamhuri inamshtaki dereva kwa kuvunja Sheria ya Usalama Barabarani, na anayeadhibiwa ni dereva. Ya pili ni ya madai, na hiyo hafungui polisi. Unaifungua wewe uliyevunjika mguu, au wewe uliyefiwa, dhidi ya dereva na mwenye gari. Kweli, hakimu wa kesi ya jinai naye ana mamlaka ya kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyeumizwa. Siku ile hakuna aliyeiomba, na mama hakujua kwamba angeweza kumwomba mwendesha mashtaka aiombe.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi wanaposhindwa ni hapa. Yale maneno matatu ya dereva, "Ni kweli, mheshimiwa," ni mali. Kwa Sheria yetu ya Ushahidi, mtu akishatiwa hatiani kwenye jinai, na muda wa rufaa ukapita au rufaa ikaamuliwa dhidi yake, hukumu ile ni ushahidi wa mwisho kwamba kosa alilitenda. Kwenye kesi ya madai hawezi kugeuka na kusema hakuendesha kwa uzembe. Kinachobaki ni kuonyesha umeumia kiasi gani na umepoteza nini. Kwa hiyo dereva akishalipa faini, usirudi nyumbani mikono mitupu. Nenda masjala ya mahakama uombe nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri.

Utaniuliza, dereva mwenyewe anadaiwa kodi ya chumba, atanilipa nini? Ndiyo maana unamshtaki pamoja na tajiri wake, mwenye gari. Dereva akiwa kazini, uzembe wake unambebesha mwajiri mzigo. Na nyuma ya tajiri ipo bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza gari kutembea barabarani bila bima inayowalinda watu wengine, yaani wewe na mimi tunaovuka. Mahakama ikishatoa hukumu, kampuni ya bima ndiyo inayopaswa kuilipa, ilimradi ilipewa taarifa ya kesi mapema, kwa maandishi. Siku ya ajali, kama una nguvu ya kushika simu, piga picha namba ya gari. Kwa namba hiyo unaweza kuhakiki bima yake kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ujue ni kampuni gani na kama bima ile ni halali.

Halafu makaratasi. Fomu ya polisi ya PF3 kila mtu anaijua, hospitali zinaidai. Wachache wanajua kwamba askari wa usalama barabarani hujaza pia taarifa ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, na huchora ramani ya eneo: gari lilitoka wapi, mtu alianguka wapi, alama za matairi zina urefu gani. Ramani ile ichunge kama hati ya kiwanja. Maana wakili wa upande wa pili atasimama na kusema mtoto alikurupuka, na akisadikiwa fidia hupunguzwa. Atakayemjibu ni mwendo wa gari. Gari la kilomita 50 kwa saa hula takriban mita 14 kila sekunde. La kilomita 100 hula mita 28. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji kulisimamisha gari unakuwa kama mara nne. Mtoto anayeonekana kukurupuka mbele ya dereva wa 100 angemaliza kuvuka mbele ya dereva wa 50.

Na mwendo huacha ushahidi. Mabasi ya mikoani yamefungwa mfumo wa kufuatilia mwendo, VTS, na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanaona kila basi linakwenda kwa kasi gani. Trafiki wa tochi, ile mashine ya kupimia mwendo, nao wana kumbukumbu zao. Wakili wako anaweza kuiomba mahakama iamuru kumbukumbu hizo ziletwe. Na wewe dereva unayenisikiliza ukiwa njiani, wewe unayemwashia mwenzako taa kumjulisha kwamba mbele kuna tochi: ukimwonya apunguze kwa sababu ya faini ya 30,000, akishaipita tochi ataongeza tena, na kijiji kinachofuata kina watoto.

Nije kwenye jambo linaloniuma mwenyewe. Kaka yangu aliwahi kugongwa na gari akavunjika paja. Siku ya nne, yuko wodini, mguu umening'inizwa kwa mawe, alikuja bwana mmoja mpole, ana mkoba na kibweta cha wino. Akampa pole, akamwekea juu ya shuka karatasi na bahasha ya pesa. Kaka alikuwa na dawa za maumivu kichwani. Akaweka dole gumba. Karatasi ilisema amepokea malipo yote na hatadai tena, popote, kwa jambo lolote litokanalo na ajali ile. Pesa zile ziliisha kabla hajaanza kutembea kwa magongo. Baadaye akahitaji upasuaji wa pili wa kutoa vyuma, tukauza ng'ombe wawili wa baba. Leo mguu wake mmoja ni mfupi, na fundi anamwekea soli ya ziada kwenye kiatu cha kushoto.

Kwa hiyo ninakusihi: usitie saini wala dole gumba ukiwa kitandani. Ngoja daktari aandike kilema chako ni cha kiasi gani na matibabu yaliyobaki ni yapi. Karatasi impe mtu anayeijua sheria aisome. Kila shilingi uliyotumia, iwe dawa, nauli ya bajaji, gongo au malipo ya msaidizi wa nyumbani, weka risiti. Mahakama inaweza kukadiria maumivu yako kwa busara yake, lakini gharama ulizolipa inataka uzithibitishe moja moja. Na kampuni ya bima ikikuzungusha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ya kupokea malalamiko ya namna hiyo.

Aliyegongwa akifariki, haki haizikwi naye. Sheria Sura ya 310 inawapa mke au mume, wazazi na watoto nafasi ya kudai kwa kumpoteza waliyemtegemea. Kwa kawaida kesi hufunguliwa na msimamizi wa mirathi, kwa hiyo ndugu wasikae miaka wakigombea nani awe msimamizi.

Maana muda unahesabiwa. Madai ya majeraha ya ajali yana miaka mitatu, basi. Kwa mtoto, hesabu inangoja mpaka awe mtu mzima, na mzazi anaweza kumfungulia kesi hata sasa. Nisingeshauri kungoja. Mashahidi wanahama, makondakta wanabadilisha njia, kampuni za magari zinafungwa.

Wakili ni ghali, najua. Lakini tangu 2017 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria wapo hadi wilayani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, huwasaidia wasio na uwezo. Ukienda huko, nenda na bahasha yako ya makaratasi.

Yule mama nilirudi naye masjala mchana uleule. Karani akampa karatasi ya kuandika ombi la nakala ya hukumu. Aliandika jina la mwanawe kwa herufi kubwa, taratibu, akaisoma mara mbili kabla ya kuikabidhi. Wewe uliyegongwa mwaka jana au mwaka juzi, na dereva wako alishalipa faini, masjala ya mahakama ile hufunguliwa asubuhi. Nenda kesho.