Ijara ya Mshauri

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja anayekaribia kuhitimu, mkononi ana barua ya kazi kutoka kampuni ya washauri wa uongozi, na tarakimu ya mshahara ameipigia mistari miwili kwa wino mwekundu, ilhali aya iliyofuata, yenye kueleza lini na vipi kazi yake itapimwa, hakuigusa. Nikamwomba tuisome pamoja. Na mhadhara huu ni zao la mazungumzo yale.

Kampuni hizi haziuzi bidhaa, huuza siku za watu. Katika ada anayotozwa mteja, fungu linalomfikia kijana akeshaye akipanga hesabu ni dogo. Salio hugharimia ofisi na siku zisizo na mteja, kisha kinachobaki hugawanywa baina ya wabia wachache walio juu. Kwa hiyo kila mbia huhitaji vijana kadhaa chini yake, na kwa sababu hiyo hiyo haiwezekani wote wapande: asiyepandishwa daraja katika muda uliowekwa huagwa, aghalabu kwa murua, na mahali pake hushikwa na mwingine. Mshahara ule mnono, basi, ni malipo ya kazi na ya kutokuwa na hakika ya kesho, yote kwa pamoja.

Aliyeupa utaratibu huu sura yake ni Marvin Bower, mwanasheria wa Cleveland, aliyejiunga mwaka 1933 na kampuni iliyoasisiwa Chicago mwaka 1926 na James McKinsey, mwalimu wa uhasibu katika chuo kikuu cha mji huo. Bower alishikilia kwamba mshauri atakaye kuaminiwa kama wakili na alipwe kama wakili, yaani kwa kazi aliyoifanya, wala si kwa sehemu ya faida itakayopatikana. Na mwaka 1963, alipotimiza miaka 60, aliziuza hisa zake kwa wenzake kwa thamani iliyoandikwa vitabuni, naye akijua kwamba thamani yake ya kweli ilikuwa kubwa mno kuliko hiyo. Nimelitafakari tendo hili kwa miaka mingi. Lau angedai bei kamili, waliomfuata wangelipa utajiri wake kwa jasho lao. Na waliouona mkasa wa kampuni ya Bain, ambayo waasisi wake waliuza sehemu ya hisa zao kwa mfuko wa hisa wa wafanyakazi, kwa deni kubwa, katikati ya miaka ya 1980 hata ikakaribia kuanguka, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hapa petu kanuni hii ya kulipwa kwa kazi ina kumbukumbu yake. Mwaka 1972 serikali ya Tanzania, kwa ushauri wa kampuni hiyo hiyo ya McKinsey, ilianzisha Madaraka Mikoani, yaani utaratibu wa kuendesha mikoa na wilaya kupitia watumishi wa serikali kuu, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuzirudisha. Kwa kanuni ya Bower washauri wale walistahiki ijara yao, maana waliuza kazi, hawakuuza matokeo. Bali hasara ya miaka ile ya kukaa bila halmashauri ilimbakia mwananchi wa wilayani, ambaye hakuwamo katika mapatano.

Siitupi kanuni kwa ajili hiyo. Mshauri alipwaye kwa matokeo atachagua yale yanayopimika upesi, na mambo ya wilayani hayapimiki upesi. Nisemalo ni kwamba ijara isiyofungwa na matokeo humwachia mwenye kuipokea deni jingine: kumwambia mteja “la” hata siku ambayo neno hilo litamkosesha mkataba. Na kijana ambaye huenda akaagwa mwakani ni vigumu alitamke, isipokuwa juu yake yupo mbia wa tabia ya Bower.

Kijana yule alirudi wiki iliyopita. Kabla ya kutia saini alikuwa amemwandikia mwajiri maswali matatu, na la kwanza halikuwa la mshahara. Aliuliza ni nani atakayempima.